Nilivyomfunika Bwana Mifugo Asione Maziwa

Leo nimejiaibisha mbele ya Jumbe, wazee wa kikundi na serikali yote ya Malkia. Sina pa kuuweka uso wangu. Nawaandikia ninyi wenzangu wa bweni mlioko Ilembula kabla habari haijawafikia kwa midomo ya watu, maana ikishapanda malori itafika imetiwa chumvi. (Haihitaji chumvi. Ilivyo tu inatosha kuua mtu.)

Kwanza mjue kilichokuwa kinagombaniwa. Ni dume la ng'ombe. Serikali imeleta dume moja la Kizungu, jekundu, mgongo mpana unaweza kuandikia juu yake, na litaazimwa kikundi kimoja tu cha wafugaji upande wetu huu wa Njombe. Ng'ombe wetu wa kienyeji mnawajua, unakamua mpaka vidole vinakufa ganzi, unapata kikombe. Mitamba itakayozaliwa na dume hilo, wanasema, inajaza ndoo. Mume wangu, Baba Enesi, ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu, na dume hilo analiota. Simsingizii, analiota kweli! Analala, mara ananipiga teke na kusema, "Mfungulie lango."

Wengine wanaolitaka ni wenzetu wa karibu na misheni ya Wakatoliki. Hao walikwisha kukaguliwa mwezi uliopita, na wana zizi la matofali. Letu ni la fito za miti ya miwati, na upande mmoja limeinama. Kwa hiyo tegemeo letu lilikuwa mambo mawili: usafi wa maziwa, na mapishi yangu.

Mapishi yangu! Mnakumbuka yule mama wa Kiswidi alivyotufundisha jikoni pale shuleni. Basi nilipanga vitu vyote alivyotufundisha. Chai ya maziwa. Viazi mviringo vya kuponda kwa siagi na maziwa. Kuku wa mchuzi mweupe. Mwisho wali wa maziwa na sukari. Nilitaka Bwana Mifugo anayekuja kutukagua ale, aangalie sahani, aseme mwenyewe, "Hawa watu wana maziwa."

Baba Enesi alikwenda Makambako jana kumpokea. Mgeni alikuwa anashuka na basi la kutoka Iringa, walale hukohuko, leo mchana wafike kwetu. Mimi nikabaki na mama mkwe, binti yangu Enesi na shemeji yangu anayechunga.

Asubuhi, ukungu bado umelala, lori la mbao likasimama barabarani. Dereva akateremka anapuliza vidole kwa baridi.

"Kamwene, Mama Enesi."

"Kamwene. Baba Enesi umemwacha wapi?"

"Makambako. Anakuja na mgeni kwa gari la nyuma. Kasema nikwambie, mgeni hali maziwa. Wala siagi. Wala kitu chochote kilichopitiwa na maziwa."

"Kwa nini?"

"Sikuuliza. Mimi nabeba mbao."

Akaingiza mkono chini ya kiti akatoa nazi. Nazi! Njombe! Akanipa kama anayenikabidhi mtoto wa mtu.

"Kasema utumie hii badala yake."

"Naitumiaje?"

"Mama Enesi, mimi ni Mkinga wa Makete. Unaniuliza mimi habari za nazi?"

Akapanda gari lake akaenda. Nikabaki nimesimama barabarani na nazi mkononi, na mapishi yangu yote yamekufa kwa mkupuo. Maana niliyapitia moja moja kichwani. Chai, maziwa. Viazi, maziwa. Mchuzi, maziwa. Wali, maziwa. Yule mama wa Kiswidi hakutufundisha kitu kimoja kisichoanza na maziwa! Hata samaki alimchemsha kwa maziwa.

Nikamwendea mama mkwe jikoni. Nikamweleza. Akaacha kuchochea moto akanitazama.

"Mtu mzima haachi maziwa hivihivi," akasema. "Huo ni mwiko wa ukoo wake."

Nikashika kichwa. Kwa nini sikuliona mwenyewe? Kwetu kila ukoo una chake. Ukoo wa mume wangu hawali figo. Sisi kwa baba yangu hatuli nyama ya pongo. Na mnajua, mwiko hauishii mdomoni. Chungu kilichopikiwa hicho kitu hukitumii. Moshi wake huusogelei. Kukitazama kikiliwa ni vibaya, na kutajiwa wakati unakula ni matusi. Mama mkwe huyuhuyu aliwahi kukaa nje kwenye mvua kwenye sherehe ya watu kwa sababu ndani walikuwa wamechoma figo. Anayevunja mwiko ngozi inambabuka na meno yanalegea. Sasa fikirieni meno ya Bwana Mifugo yalegee nyumbani kwangu, siku ya kuamua dume!

Lakini jambo moja lilinichanganya.

"Mama, mtu mwenye mwiko wa maziwa anakaguaje ng'ombe wa maziwa?"

Mama mkwe akafikiri. Akafikiri tena. Akasema, "Ndiyo maana wamempa yeye. Hawezi kuyaiba."

Nikaona kweli, serikali ina akili. (Hapo ndipo nilipopotea njia, wenzangu, na nilipotea nikikimbia.)

"Basi atakagua nini?"

"Pembe. Kwato. Ua. Maziwa atamwuliza mumeo pembeni, wakiwa wawili, kwa kunong'ona."

Kazi ikaanza. Maziwa ya asubuhi nikayapeleka kwa mke wa Jumbe, nikamwonya asithubutu kuyatoa nje mpaka mgeni aondoke. Vibuyu vya maziwa, ndoo na chujio nikavisugua kwa majivu na mchanga, nikavimwagia maji ya moto, nikasugua tena, nikavianika, nikavinusa. Bado nilihisi harufu (nadhani ilikuwa pua yangu mwenyewe kwa wasiwasi). Nikarudia. Enesi akavinusa, mama mkwe akavinusa. Vilipokuwa havinuki kitu, nikavipeleka vyote kwenye ghala la jirani nikavifunika kwa magunia. Paka alikutwa na masharubu meupe, nikamfungia ndani.

Ng'ombe jike wote wanaonyonyesha nikamwambia shemeji awateremshe bondeni nyuma ya miwati, wasionekane. Zizini tukaacha maksai wawili, na ndama wa ng'ombe wetu Maua; huyo ndama alikuwa ameumia mguu hawezi kutembea mbali. Nikasema ndama si maziwa. Ndama ni ndama.

Mwisho nikawakusanya wote wa nyumbani. "Neno hilo lisitajwe leo. Mtu akilazimika, aseme 'yale meupe'."

"Na nikiulizwa?" akasema Enesi.

"Hatunayo. Hatujayaona. Hatuyajui."

Sasa mapishi. Kuku wangu mwenyewe nilimkamata, nikakumbuka jana alikunywa maji ya mtindi. Amepitiwa na maziwa! Nikamwachia, nikaenda kubadilishana na jirani Mwislamu asiye na ng'ombe, akanichinjia kabisa. Mafuta ya nguruwe nikayatazama nikayarudisha, maana mgeni anaitwa Bwana Rajabu, mtu wa Tanga. Ikabaki samli. Hapo tukagombana.

"Samli si maziwa," akasema mama mkwe. "Samli ni mafuta."

"Yametoka wapi?"

"Kwenye chupa."

"Na kwenye chupa yametoka wapi?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Nijibu mwenyewe."

Nilishindwa kujibu. Siagi ukiiyeyusha, maziwa yanakwenda wapi? Yanakufa au yanajificha? Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyozidi kuchanganyikiwa, nikaipeleka samli nayo ghalani.

Nikachukua karanga mbichi. Nikazimwagia maji ya moto, nikazimenya ganda jembamba, nikazitwanga kwenye kinu mpaka zikawa kama uji, nikaongeza maji ya vuguvugu na kukamua kwa kitambaa kipya. Jamani, likatoka tui jeupe! Nilicheka peke yangu. Nikapondea viazi kwa tui hilo, chumvi na mafuta kidogo ya alizeti niliyoazima kwa jirani. Nikaonja. Vitamu. Nikaonja tena. Mama mkwe akaninyang'anya sufuria.

Mchuzi mweupe nao nikaupika kwa tui hilohilo na unga wa ngano. Ukatoka wa kahawia kama mto wakati wa masika, lakini nikasema kuku ataufunika.

Ikabaki nazi, kwa ajili ya chai na wali wa mwisho. Nikaipiga panga. Maji yakaruka, nikayadaka kwenye bakuli. Nikatazama. Hayakuwa meupe, na yalikuwa kidogo, nusu bakuli.

"Mama, maziwa ya nazi ni meupe?"

"Ndivyo nilivyosikia."

"Mbona haya ni maji?"

Akaitazama nazi kwa huruma. "Labda wamekwisha kuikamua kule Makambako."

Nilikasirika! Dukani wamemwuzia mume wangu nazi iliyokamuliwa! Lakini saa zimekwenda, nitafanyaje? Nikachukua yale maji, mengine nikatia kwenye birika la chai, mengine nikapikia wali na sukari. Yale makavu meupe yaliyoshika kwenye ganda nikayabandua nikawatupia kuku. Wakayagombania sana. Nilishangaa kuku kupenda maganda kiasi kile.

Wakafika. Bwana Rajabu ni kijana mwembamba, kaptura ya kaki, sweta mbili juu, na bado anatetemeka. Baba Enesi amevaa koti la harusi yetu. Jumbe alikuwa amekwisha kuwasili na wazee wawili wa kikundi, wamekaa kwenye vigoda uani ambako kajua kalikuwa kameanza kutoka.

"Shikamoo mama," akasema mgeni.

"Marahaba baba. Pole na safari. Pole na baridi."

"Baridi hii mama, mimi kwetu tungesema dunia inakwisha."

Nikampenda papo hapo. Kijana mwenye adabu, mwenye mwiko mzito, ametumwa mbali na kwao. Nikaapa moyoni kwamba hatapata madhara kwangu.

Baba Enesi akaombea chakula, tukala. Viazi akavionja, akaacha kutafuna. "Mama, hivi vina nini?"

"Karanga, baba."

Akajiongezea. Akajiongezea tena! Baba Enesi akanitazama kwa jicho la upendo ambalo sijaliona tangu tubatize mtoto. Nikajiona nimeshika kamba ya lile dume mkononi.

Ikaja chai. Akanywa kidogo, akakiweka kikombe chini taratibu. Ukaja wali wa nazi. Akatia kijiko kimoja mdomoni, akakitazama kijiko.

"Huu umeupikia nini, mama?"

"Nazi uliyonunuliwa Makambako."

"Nazi yenyewe iko wapi?"

Kabla sijajibu, kuku wawili wakapita mbele yetu wanavutana kipande cheupe. Bwana Rajabu akakifuata kwa macho mpaka kikaingia chini ya ghala.

"Mbona nazi wanakula kuku?"

"Hayo ni maganda, baba."

Akajikaza. Nilimwona anajikaza. "Mama, kwetu hayo ndiyo tunayoyakuna, tukayakamua, tukapata tui. Maji tunakunywa tu tukiwa na kiu."

Mama mkwe akasema kutoka jikoni, "Basi leo wageni walikuwa kuku."

Nikacheka kidogo ili nisilie. Nikajiambia, aibu ya leo imekwisha, na ni ndogo. (Kumbe ndiyo kwanza inaanza.)

Bwana Rajabu akafuta mikono. "Chakula kizuri, ahsanteni. Sasa tuingie kazini. Mnapata maziwa kiasi gani kwa siku?"

Alilitaja! Kwa mdomo wake, na vyombo bado viko mbele yake! Nikajua anatupima, kama tuna adabu ya kutolijibu.

"Hatupati," nikasema haraka.

Baba Enesi akageuka. "Mama Enesi?"

"Hatupati kabisa. Hata tone."

"Hata painti moja?" akauliza mgeni.

"Hatulijui hilo jambo hapa."

Jumbe akakohoa. Mkewe alikuwa amekwisha kumwonya, kwa hiyo akatazama mawingu. Baba Enesi akacheka kicheko cha mtu anayetaka kulia. "Mke wangu anatania. Leta vibuyu, Mama Enesi, mgeni avione."

"Vibuyu gani?"

"Vibuyu vya maziwa!"

Nikamkonyeza. Nikamkonyeza kwa jicho hili, nikamkonyeza kwa lile. Akaniuliza kama kuna mdudu ameniingia.

"Enesi," akasema, "vibuyu viko wapi?"

Mwanangu, mtii kama malaika, akasema, "Baba, hatujaviona. Hatuvijui."

Baba Enesi alipaswa kuelewa! Mtu amekulia kwenye ukoo wenye mwiko wa figo, anashindwaje kuelewa mwiko wa mwenzake? Nami nikaanza kumkasirikia kweli. Nilimwona anamtajia mgeni maziwa mara tatu, mara nne, mpaka nikajikuta namtazama Bwana Rajabu mdomoni, kama meno yake bado yamekaza.

"Twende zizini," akasema mgeni. Sauti yake sasa ilikuwa imepoa.

Tukaenda zizini sote. Akainama, akamtazama maksai wa kwanza. Akazunguka. Akamtazama wa pili. Akanyanyuka.

"Hawa ni maksai."

"Ndiyo," nikasema.

"Wote wawili."

"Wote."

"Sasa mnataka dume la nini kwa maksai?"

Baba Enesi akanigeukia mimi. Mtu mmoja alipaswa kusema kitu, nikasema mimi.

"Wapate mwenzao."

Mzee mmoja wa kikundi akakaa chini palepale kwenye tope. Bwana Rajabu akavua kofia akajikuna. Nikaona anageuza mguu kama mtu anayetaka kurudi kwenye gari, na nikamwona Baba Enesi amemtazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena maishani mwangu. Nikaumia. Nikataka kumwambia, usijali baba, namlinda mgeni wako. Lakini kusema ningelitaja lile neno.

Hapo ndama wa Maua akalia.

Akalia tena, kwa nguvu. Kutoka bondeni tukasikia majibu. Mwooo! Kisha matawi ya miwati yanavunjika, kisha shemeji yangu anapiga kelele, "Mzuieni! Mzuieni!" Maua akatokea. Kamba inaburuta, chuchu zimejaa zinatona zenyewe njiani, anakuja mbio moja kwa moja kama mtu aliyeitwa barazani. Akaruka ule upande wa zizi ulioinama. Ndama akamfikia, akaingiza kichwa, akaanza kunyonya mbele ya Bwana Mifugo, povu jeupe limejaa mdomoni, na mengine yanaruka kwenye viatu vya serikali!

Wenzangu, sikufikiri. Nilivua khanga yangu ya begani nikamrukia mgeni, nikamfunika kichwa kizima, nikashika ncha zote kwa nyuma shingoni nikakaza.

"Usitazame, baba! Usitazame!"

"Mama, nini? Mama!"

"Funga macho! Maziwa! Maziwa! MAZIWA!"

Neno nililolizuia nyumba nzima, nikalipiga kelele mara tatu mpaka likasikika barabarani. Bwana Rajabu akapepesuka, akakanyaga kamba ya Maua, akakaa kwenye samadi. Mimi sikumwachia. Nilikaa naye.

Baba Enesi akaja polepole. Akasema kwa sauti ndogo sana, "Mama Enesi. Mwachie Bwana Mifugo."

"Simwachii! Mwiko wake!"

Kutoka ndani ya khanga sauti ikauliza, "Mwiko gani?"

"Wa maziwa."

"Nani ana mwiko wa maziwa?"

"Si wewe?"

Nikalegeza kidogo. Kichwa kikatokea, jasho linamtoka, kwa mara ya kwanza tangu afike Njombe hatetemeki. Akamtazama Jumbe, akawatazama wazee, akamtazama mama mkwe aliyekuwa amefika na upawa mkononi. Aliona hana njia.

"Mama," akasema, "mimi nikinywa maziwa tumbo linanguruma, halafu natafuta choo. Basi. Kuyatazama nayatazama kila siku. Ndiyo kazi yangu."

"Tumbo?" akasema mama mkwe.

"Tumbo, bibi."

"Basi si mwiko?"

"Si mwiko."

Mama mkwe akanigeukia mbele za watu wote. "Nilikwambia samli haina neno."

Jumbe alicheka mpaka akashika nguzo ya zizi, nguzo ikang'oka. Wazee wakacheka. Shemeji alifika anahema, hakujua kinachochekwa, akacheka. Bwana Rajabu mwenyewe, amekaa kwenye samadi, mabega yanatikisika. Baba Enesi peke yake hakucheka. Akasema, "Kwa hiyo dume limekwenda." Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anajiambia.

Hapo nikalia. Nililia kama mtoto, nikasema yote. Dereva wa mbao, ukoo, meno, ghala la jirani, paka. Nikasema sikutaka aibu impate mgeni wetu, kwa sababu nililitaka dume hilo kuliko hata mume wangu, na sikuwahi kumwambia, kwa kuwa yeye ndiye anayeota na mtu mmoja kwenye nyumba lazima alale.

Bwana Rajabu akainuka, akajipangusa. "Nionyeshe vibuyu."

Tukaenda ghalani. Nikatoa magunia. Akachukua kibuyu cha kwanza akaingiza pua. Akakigeuza juani akachungulia. Akachukua cha pili. Akachukua ndoo, akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani, akakitazama kidole. Kila kimoja hivyohivyo, na mimi nyuma yake nimejifunga khanga yenye samadi. Kisha akarudi kwa Maua, akachuchumaa, akakamua mwenyewe kwenye ndoo yangu, akatazama maziwa kwenye mwanga, akayanusa. Akampa Jumbe anywe kwa niaba yake.

"Nimetembea zizi kwa zizi, Iringa na huku kwenu," akasema. "Wengine wana matofali, na vibuyu vinanuka mtindi wa mwezi uliopita. Visafi kama hivi sijaviona. Unaviosha hivi siku zote?"

Ningeweza kudanganya. Lakini leo nilikuwa nimekwisha kudanganya vya kutosha. "Siku zote naosha. Kuosha hivi, ni leo tu."

"Basi uoshe hivi siku zote. Dume litakuja wiki ijayo."

Baba Enesi akanishika mkono mbele za watu. Mnamjua Baba Enesi! Mtu ambaye kanisani tunakaa benchi mbalimbali hata baada ya ibada. Akanishika mkono na hakuuachia mpaka Jumbe akasema, "Haya, inatosha."

Mgeni akaniuliza namna ya kutengeneza lile tui la karanga, nikamweleza, akarudia kwa mdomo mara mbili ili akamwambie mkewe. Alipokuwa anapanda gari akakumbuka jambo.

"Mama Enesi, Jumamosi kuna baraza la wafugaji wote pale Njombe. Wenzenu waliokosa dume watakuwepo. Nitataka usimame uwaeleze unavyosafisha vyombo."

"Nitaeleza, baba. Majivu, mchanga, maji ya moto."

"Na sababu," akasema Jumbe.

"Sababu ya nini?"

"Iliyokufanya usugue namna ile. Watauliza. Wasipouliza wao nitauliza mimi."

Nikamtazama Bwana Rajabu aniokoe. Na yeye tumbo lake litatajwa mbele ya wilaya nzima, nilidhani atakataa. Akaziba mdomo kwa mkono kuzuia kicheko, akaingia ndani ya gari.

Kwa hiyo dume tumelipata, nami ndiye ninayelilipia. Mgeni akikwambia hali kitu, wenzangu, muulize anaumwa nini kabla hujahamisha ng'ombe. Na mkija barazani Jumamosi, tafadhalini kaeni nyuma kabisa na mfunike midomo yenu, kwa sababu mmoja wenu akicheka tu, sitafika hata kwenye majivu.